Kumbe Nilikuwa Sijui Kusimama

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho niliandika hapa kuhusu baridi na chakula cha kantini, nikaahidi kurudi wiki inayofuata, na wiki hiyo imegeuka miezi minne. Kwa wale waliouliza kama nimefukuzwa chuo: hapana, bado nipo hapa Wuhan, mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, na Kichina bado kinanipiga chenga.

Kilichoninyamazisha ni goti. La kulia. Nilikuwa naona aibu kulisimulia, lakini juzi nimegundua wenzetu watatu wa bweni hili wameanza kwenda kando ya ziwa asubuhi kufanya mazoezi ya kusimama, na wanasimama vilevile nilivyokuwa nasimama mimi. Nikiendelea kukaa kimya nitakuwa mchawi. Kwa hiyo leo nasema yote.

Mnakumbuka ile mechi ya wanafunzi wa Kiafrika mwaka juzi, niliruka kupiga kichwa nikatua vibaya? Niliumwa wiki tatu, nikapona, nikasahau. Ila goti halikusahau. Nikishuka ngazi lilikuwa linanikumbusha, na bweni letu halina lifti, na mimi nakaa ghorofa ya tano. Rafiki yangu mmoja Mkongo akaniambia, "Nenda kwa wazee wa pale Donghu, wana mazoezi ya viungo." Donghu ni lile Ziwa la Mashariki, kubwa hasa, na ukifika saa kumi na mbili asubuhi unakuta wazee wamejaa: hawa wanacheza taichi, wale wanazungusha mapanga, wengine wanacheza muziki kabisa. Na chini ya miti fulani kuna watu kumi hivi wamesimama tu. Hawasemi, hawajongei. Mara ya kwanza nilidhani wanasubiri basi.

Kwa wasiojua: yale ni mazoezi ya chigongu, ambayo Wachina wenyewe wakitumia herufi zetu huandika qigong. Ni mazoezi ya mwili, pumzi na akili kwa pamoja. Jina hili lilienea China miaka ya 1950, yalipoanza kutumika kwenye vituo vya tiba, ingawa mazoezi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mengi ni ya kujongea taratibu. Hili la wale wazee ni la kutojongea kabisa, linaitwa zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo iliyochimbiwa ardhini. Mimi nitaliita kusimama nguzo, tusichoshane. Aliyelipa sifa kubwa karne iliyopita ni Wang Xiangzhai, mwalimu wa mapigano aliyeanzisha mtindo wa yiquan miaka ya 1920 na kufariki mwaka 1963. Alitaka wanafunzi wake waanze kwa kusimama kabla ya kurusha ngumi. Uingereza nako wakaonyeshwa zoezi hili na mwalimu Lam Kam Chuen kwenye televisheni ya Channel 4 mwaka 1995. Unatenga miguu upana wa mabega, unalegeza magoti, unaweka mikono mbele kama umekumbatia mtungi, unatulia. Basi.

Ndiyo, basi. Na hapo ndipo nilipopotelea.

Anayewaongoza pale ni mzee mmoja mstaafu. Watoto wa pale wanamwita yeye, ambalo kwa Kichina ni babu. Na mimi nikaanza kumwita Yeye, mpaka nikimpigia simu dada yangu nikisema "Yeye kaniambia hivi," ananiuliza "yeye nani?" Siku ya kwanza Yeye aliniweka sawa kidogo, akanisimamisha wima, magoti yamekunjwa kwa kiasi ambacho hata hukioni. Dakika tano. Nikaona huyu mzee ananidharau. Mimi kijana wa miaka 22, nimekulia kwenye kibanda umiza nikitazama Jackie Chan, nisimame dakika tano kama mtu anayengoja mwendokasi? Basi bwana, jioni nikiwa peke yangu chumbani nikaanza kushuka. Wachina wana mkao unaitwa mabu (siyo wale wa malaria), yaani mkao wa farasi, mapaja yanakaribia kulala kabisa. Nikajipangia: wiki ya kwanza dakika kumi, ya pili kumi na tano, ya tatu ishirini. Nikichoka nanyoosha magoti yangu mpaka mwisho, nayafunga kwa nyuma, napumzikia hapo, halafu nashuka tena.

Maumivu yakaanza. Kama sindano, mbele, chini ya pia ya goti. Jamaa mmoja akaniambia hiyo ni chi inafungua njia, vumilia. Nikavumilia! Jamani, mtu anayesoma uhandisi, anayejua kwamba ufa ukutani hauji wenyewe, nikaambiwa maumivu ni dalili njema nikaamini. Ukweli ni kwamba nilitaka kuamini. Nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba nasimama dakika ishirini.

Siku moja niliamka goti limevimba kama embe. Ngazi za ghorofa tano nilishuka kwa makalio, hatua kwa hatua, huku nikijifanya natafuta kitu. Na vyoo vya bweni letu, mnavijua, ni vya kuchuchumaa. Sitaeleza zaidi. Ila kilichonikosesha usingizi hakikuwa choo. Kiangazi tulikuwa na mafunzo ya vitendo, wiki sita kwenye eneo la ujenzi, kupanda na kushuka majukwaa kutwa. Usipoyafanya hupati alama za mwaka, na ufadhili wangu unategemea alama. Mama alipopiga simu akaniuliza mbona sauti imepoa, nikamwambia ni mafua. Mama yangu ambaye nauli yangu ya ndege ya kuja huku ilitoka kwenye ng'ombe wake wawili. Nilipokata simu nililia, na sioni haya kuandika.

Nikaenda kwa daktari. Picha zikaonyesha hakuna kilichovunjika, na alipolipima kwa mikono kano zilikuwa salama. Akasema sehemu ya mbele ya goti imechokozwa, pia ya goti inasuguana na fupa la paja kwa mzigo usio na mpango, na misuli ya nyonga imelala. Akaniambia nipumzike mpaka uvimbe uishe, halafu niimarishe mapaja na nyonga. Mwishoni akauliza, "Unasimamaje?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

Baada ya wiki tatu nikarudi kwa Yeye. Nilitegemea atanigombeza. Aliniangalia tu nilivyosimama, akainama na umri wake ule, akagusa goti langu kwa kidole, akasema lile neno ambalo alikuwa akiniambia tangu mwezi wa kwanza. Na hapa mcheke vizuri. Kwa Kichina goti ni "shigai", na kuvuta pumzi ni "shichi". Mimi kwa masikio yangu haya, kila Yeye alipoonyesha miguu yangu na kusema "shigai, shigai", nilisikia navutishwa pumzi. Nikawa najaza kifua kama bata mzinga. Babu wa watu alikuwa anapiga kelele "goti, goti!" na mimi najibu kwa kupumua.

Safari hii nilikwenda na rafiki anayekijua Kichina. Na jambo la kwanza Yeye alilosema lilinishangaza: goti halina kosa. Goti ni la katikati, linatumwa na wawili, unyayo wa chini na nyonga ya juu. Hao wawili wakikosana, anayeumia ni yeye.

Nimelitafuta hili kwenye vitabu na ni kweli tupu. Nyonga ni kichwa cha mfupa cha mviringo ndani ya kikombe, inazunguka kila upande. Kifundo cha mguu na unyayo vina mifupa mingi inayoelea kidogo kidogo. Goti lenyewe kazi yake kubwa ni kukunja na kunyoosha, kama bawaba. Likiwa limekunjwa linazunguka kidogo, likiwa limenyooka halizunguki kabisa. Sasa bawaba ya mlango ikivunjika, fundi mjinga anabadilisha bawaba. Fundi mwerevu anaangalia fremu.

Kwa hiyo Yeye alianza chini. Unyayo una sehemu tatu za kukanyagia: kisigino, shina la kidole gumba, na shina la kidole kidogo. Nikamwambia rafiki amtafsirie kwamba kwetu hayo yanaitwa mafiga. Chungu hakikai kwenye mafiga mawili. Mimi nilikuwa nimebwaga uzito wote upande wa ndani, uvungu wa unyayo umelala chini, na uvungu ukilala, mfupa wa muundi unageukia ndani, na goti linaufuata. Dawa yake ni kuyakanyaga mafiga yote matatu kwa usawa, uzito ukae katikati ya unyayo, usiegemee vidoleni wala usining'inie kisiginoni. Vidole vimelala, havikwaruzi ardhi kama kuku.

Halafu akapanda juu. Hapa palinichukua mwezi mzima. Mimi nilikuwa nashuka kwa kusukuma magoti mbele. Yeye akasema shuka kwa nyonga: pale mbele, kwenye mkunjo wa paja na kinena, palegee, kama mtu anayetaka kuegesha makalio kwenye kiti kirefu cha baa. Kifandugu kinaelekea chini, kiuno hakibinuki wala hakikunjwi kwa nguvu. Ukifanya hivyo magoti yanakunja yenyewe, kidogo tu, bila kuamrishwa. Na mapaja yanafunguka kutokea nyongani, sehemu ya katikati inakuwa kama tao la daraja. Siyo kutanua magoti kwa nguvu, hapana! Hilo nalo nililijaribu, nikajikuta nakanyaga figa la nje peke yake. Fungua nyonga huku shina la kidole gumba limebaki chini. Haya mawili yakifanyika kwa pamoja, goti linakaa mahali pake lenyewe.

Mahali pake ni wapi? Pia ya goti itazame kule kinakotazama kidole cha pili cha mguu. Hicho ndicho kipimo. Wazee wengi wanasema nyayo ziwe sambamba kama reli, na kwa wengi inafaa, ila mifupa hatukuipewa sawa. Kuna mtu fupa lake la paja limezaliwa limegeuka kidogo, ukimlazimisha reli unampindia goti. Huyo aache vidole vitoke nje kidogo, mradi goti na kidole cha pili visigombane. Mtasikia pia kwamba goti lisipite ncha za vidole. Kwa kusimama nguzo ni kipimo kizuri, ukilipita ujue umeshuka kwa magoti badala ya nyonga. Ila siyo amri ya mbinguni: ukipanda ngazi au ukichuchumaa linapita kila siku, na ukilizuia kwa nguvu mzigo unahamia nyonga na kiuno.

Na kufunga goti kwa nyuma je, ule "upumziko" wangu? Yeye alinigonga nyuma ya goti kwa kiganja, mguu ukakunja nikakaribia kuanguka. Somo limeisha. Goti lililofungwa halisimamishwi na misuli, linaning'inia kwenye kano. Linyooke, lakini libaki na pumzi.

Sasa nyie mnanijua, siwezi kuamini kitu bila kukipima. Nikarudi chumbani, nikafunga nati kwenye uzi nikapata timazi. Mwenzangu wa chumba akaishikilia katikati ya pia ya goti langu nikiwa nimesimama ule mtindo wa zamani. Nati ikaning'inia sentimita tano upande wa ndani wa kidole cha pili. Tano! Nina kilo 78, kila mguu unabeba nusu, 39. Zidisha upate nguvu, zidisha na sentimita tano, unapata nguvu ya kupinda karibu nyutonimita 19. Ni kama kutundika ndoo ya maji ya lita 20 sentimita kumi pembeni ya bawaba, na kuiacha ining'inie dakika ishirini, kila jioni. Hesabu hii ni ya kienyeji, goti si chuma na mwili una njia zake za kujisaidia, lakini nilikaa kitandani nikaishiwa maneno. Mwaka wa pili mzima tulifundishwa kwamba nguzo inabeba mzigo mkubwa ajabu ukipita katikati, na mzigo huohuo ukikaa pembeni nguzo inapinda. Nilifaulu mtihani huo vizuri sana. Nikatoka nje nikaenda kuwa swali lenyewe.

Na ule ushukaji wangu wa mabu ulizidisha. Goti likikunjwa zaidi huku limebeba uzito, pia inakandamizwa zaidi juu ya fupa la paja. Wapo waliojengeka kwa miaka wanaoweza. Mimi nilikuwa na wiki tatu na kiburi.

Mpango wangu mpya ulikuwa huu. Dakika tatu. Wima, karibu kama mtu aliyesimama kawaida. Zikienda wiki nzima bila goti kusema kitu, naongeza moja. Paja likiwaka moto au kutetemeka, sawa, huo ni msuli unafanya kazi. Maumivu makali ndani ya kiungo, chini ya pia au pembeni, hapo napanda juu, na yakibaki naacha, natembea. Sivumilii tena. Na nyie wadau, goti likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla ukiwa unatembea, huyo siyo wa kusimama nguzo, huyo ni wa daktari kwanza. Chi haivimbishi goti.

Nilichelewa kufika dakika kumi na tano, na mpaka leo sijazidisha hapo. Mafunzo ya vitendo niliyafanya, wiki zote sita, majukwaa nikapanda. Siwadanganyi kwamba goti limekuwa jipya. Baridi ikizidi linanong'ona. Lakini ghorofa ya tano napanda bila kushika ukuta, na nikisimama kwenye foleni ya kantini najikuta naangalia mafiga yangu. Naangalia na ya wenzangu pia. Nyie watatu, mnajijua, magoti yenu yanabusiana. Kesho njooni na timazi ipo.

Nimalizie na hili. Mwezi uliopita nilimwambia mama ukweli wote. Alikasirika kwa ajili ya yale mafua ya uongo kuliko goti lenyewe. Halafu akanyamaza, akasema hata yeye magoti yanamsumbua, tangu masika ya mwaka jana, akishuka na ndoo kutoka kisimani. Hakuwahi kuniambia. Alisema hakutaka kunichanganya na masomo. Tumedanganyana mwaka mzima, mtu na mama yake, wote wawili kwa magoti.

Nikamwambia, "Mama, kwanza nenda hospitali wakuangalie. Halafu nitakufundisha kusimama."

Akacheka mpaka simu ikakoroma. "Mwanangu, mimi nimesimama maisha yangu yote. Nimesimama shambani, nimesimama jikoni, nimesimama ukiwa mgongoni. Leo umekwenda China kuja kunifundisha kusimama?"

Ameshakwenda hospitali, wamempa dawa na kumwambia apunguze ndoo. Jumapili dada akamshikia simu, mama ameegemea kiti kwa mkono mmoja, viatu amevua. Nikamwambia mafiga matatu, akaelewa kabla sijamaliza, huyo ni bingwa wa mafiga. Nikamwambia goti litazame kidole cha pili. Akaangalia chini muda mrefu. Akasema, "La kushoto linatazama kwa jirani." Akaligeuza taratibu kutokea juu, kutokea nyongani, bila mimi kumwambia.

Alisimama dakika mbili. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Halafu akaomba kiti chake, akaniambia nikale, huko kwenu ni usiku.

Haya wadau, nami nakwenda kulala. Kesho saa kumi na mbili, Donghu, chini ya miti. Msishuke.